Sauti Iliyorekodiwa Baada ya Kazi

Nyinyi wasomaji wangu mna ugonjwa mmoja unaonichosha. Nikiandika habari za mtu mwenye shida, hata chai yangu haijapoa mshajaa pale chini kwenye maoni. "Si kuna programu ya simu ya mambo hayo?" "Mwambie apakue ile ya kufuatilia watu." "Siku hizi kila kitu ni simu, mwandishi, amka." Mimi niko macho. Nyinyi ndio mmelala. Leo naandika habari za mtu aliyejaribu simu kabla yenu na simu ikamshinda, kwa hiyo tulieni, msome mpaka mwisho, halafu ndiyo mseme.

Mtu mwenyewe ni mwanamke anayeitwa Pasi. Si jina la kuzaliwa. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia, kile kinachofua mashuka ya hoteli na hospitali. Anasimama mbele ya roli la kupigia pasi, dude refu kuliko kitanda, linalotoa mvuke kutwa nzima. Shuka linaingia upande huu likiwa na unyevu, linatoka upande wa pili limenyooka, linaunguza vidole. Yeye ndiye anayeliingiza, mwenzake analipokea. Mashine zinanguruma kiasi kwamba ukitaka kumwambia mtu "sogea" lazima upayuke kama umeona moto. Jina la Pasi walimpa wenzake. Wanasema anapata moto haraka, na ukiona amepoa ujue umeme umekatika.

Anaishi vyumba viwili juu ya duka la kinyozi, yeye na mama yake. Dirisha moja linaangalia barabara, na barabara hiyo ni ya malori.

Mama yake anasahau. Sisemi anasahau funguo. Anasahau kwamba amekula akiwa bado anatafuna. Anasahau mume wake alishakufa, anamwekea kiti. Lakini miguu yake, jamani, miguu ni ya msichana. Anashuka ngazi bila kushika ukuta. Na kitu kimoja hakisahau hata kidogo: kwamba ana binti, na kwamba binti huyo hayupo ndani. Kwa hiyo anatoka kumtafuta.

Pasi hawezi kukaa nyumbani, maana atakula nini? Kuna dada wa jirani anayepanda kumwangalia mama asubuhi na mchana, anampa chakula, anamsogezea dawa, anarudi kwake kwa watoto wake. Katikati ya hapo mama yuko peke yake na mlango. Mlango ulishafungwa kwa ufunguo kwa muda. Mama akasimama dirishani akapiga kelele kwamba ametekwa, na wapita njia wakaanza kukusanyika. Yakaisha hayo ya ufunguo.

Simu ilijaribiwa. Mama aligusa kioo, kioo kikampeleka kinakokujua chenyewe. Alimpigia baba mkwe wa mwanawe wa kiume, mtu mzima mwenye heshima zake, akamuuliza kwa nini ameingia na viatu. Siku nyingine aliitumbukiza kwenye ndoo kwa sababu ilikuwa inatetemeka, akidhani ni mdudu. Isitoshe, kule kiwandani simu zinafungiwa kabatini mpaka watu watoke kazini. Mama angempigia nani? Kabati?

Sasa msikilize hili, maana ndiyo roho ya habari yenyewe. Pasi ana kaka. Kaka mtu anaishi mji mwingine, ana nyumba nzuri, geti, na mkewe si mtu mbaya. Mama alishawahi kukaa huko. Hakutoka nje hata siku moja, maana geti lilikuwa limefungwa. Alikaa pale pale getini, kashika vyuma, kuanzia asubuhi. Chakula walimletea, akawa anakitazama tu. Aliporudi kwa Pasi nguo zilikuwa zinamning'inia kama ziko kwenye kamba. Pasi akaapa kwamba mama hatarudi kule tena akiwa hai.

Lakini juzi juzi lori lilifunga breki katikati ya barabara hadi matairi yakatoa moshi, na aliyekuwa amesimama mbele yake, ametulia tuli, anatazama kulia na kushoto kama anayetafuta nyumba ya mtu, ni mama. Kinyozi alitoka mbio na mashine ya kunyolea mkononi, mteja kamwacha na nusu kichwa. Akamrudisha. Habari hizo zikamfikia kaka mtu.

"Akitoka tena nakuja kumchukua," kaka alisema kwenye simu. "Sibishani na wewe."

"Umchukue umpeleke wapi? Getini?"

"Getini hakuna malori."

Pasi akakata simu. Jibu la hapo mimi sina. Wewe unalo?

Kinyozi anagawana chumba chake na fundi simu. Kinyozi ana viti viwili na vioo, fundi ana meza pembeni, imejaa simu zilizopasuliwa tumbo. Wanataniana kutwa kama wake wenza. Fundi ndiye aliyepata wazo. Alivuta droo yake ya vitu vilivyosahaulika na dunia, akatoa MP3 ndogo, ile ya kusikilizia muziki, ya miaka ile kabla simu hazijameza kila kitu. Ukubwa wake kama kiberiti. Kioo kimekwaruzika. Katikati ina kitufe kimoja kikubwa cha duara, cha kubonyeza hasa, kinachoingia ndani na kutoka.

"Dada Pasi," fundi alisema, "mama hawezi kioo. Lakini kitufe nani hakiwezi? Hiki kidude kinapiga muziki, na kinarekodi pia. Unaona hako katundu? Ndiyo sikio lake. Ongea hapo, mwambie uko wapi na unarudi lini. Anakining'iniza shingoni. Kila akikukumbuka anabonyeza, anakusikia, anakaa."

"Na akibonyeza vingine?"

"Havibonyezeki. Naviziba."

Akaviziba kweli, kwa plasta ya kufungia vidonda, akaacha cha katikati tu. Akatafuta kispika kidogo cha kuchomeka, maana mama asingekubali kuwekewa waya masikioni, akakigundisha nyuma. Kamba ya kiatu ikawa mkufu. Halafu, kwa akili zake za kifundi, alisahau kufuta nyimbo za mwenye nayo wa zamani.

Mama alipobonyeza mara ya kwanza ukafumuka muziki wa disko uliotikisa vikombe. Kinyozi anasema aliusikia mpaka chini, akapanda ngazi akidhani wamevamiwa. Alimkuta mama amekaa kitandani, anatikisa mabega polepole, uso umekunjamana kwa hasira.

"Mama, unacheza?"

"Sichezi. Nasikitika. Mwanangu ameanza kwenda kwenye mabaa."

"Na mabega je?"

"Hayo hayanisikii."

Nyimbo zikafutwa. Fundi akatukanwa vizuri. Jioni hiyo Pasi akakaa kurekodi.

Alikuwa ametoka kazini. Alikuwa amemlisha mama, amemwosha, amefua kilichopaswa kufuliwa, maana mtu anayefua mashuka ya mji mzima akirudi nyumbani anakuta ya kwake yanamsubiri. Akakaa kwenye stuli, miguu kwenye beseni la maji ya moto, akashikilia kitufe mpaka taa nyekundu ikawaka, akasema yale yaliyomjia:

"Mama, ni mimi. Niko kazini. Narudi jioni. Usitoke nje. Chakula kipo mezani, maji yapo. Kaa. Narudi."

Akaachia kitufe. Hakujisikiliza. Nani anapenda kusikia sauti yake? Wewe mwenyewe ukitumiwa ujumbe wako wa sauti unakunja uso. Alibonyeza tu kuhakikisha kwamba kinatoa kitu, aliposikia "Mama, ni..." akakizima, akamvisha mama shingoni, akalala na nguo.

Mambo yakawa mabaya zaidi. Mwanzoni mama alikuwa anatoka pale akili inapomtuma. Sasa ikawa kila akibonyeza anatoka. Kinyozi alimkamata mlangoni, akamkamata kwenye kona, akamkamata akiwa na mguu mmoja barabarani. Na kingine kipya: zamani alitoka mikono mitupu. Sasa alibeba vitu. Blanketi. Chupa ya maji. Siku moja boksi lake la dawa. Siku nyingine mto, ameukumbatia kifuani, anatembea haraka.

"Mama, safari ya wapi?" kinyozi alimuuliza.

"Niache, baba. Nimechelewa."

"Umechelewa wapi?"

"Kwa mwanangu."

"Mwanao amesema ukae. Mbona kakwambia humo kwenye kidude?"

"Nimemsikia vizuri kuliko wewe," mama akasema, akajaribu kumpita.

Kinyozi alimwambia Pasi juu ya mto na blanketi. Alijua lazima aseme, lakini aliyasema huku anafuta kioo kilichokuwa tayari kisafi. Dada wa jirani naye alikuwa ameshamwambia kaka mtu, si kwa ubaya, kaka alipiga akauliza. Na kaka akayatafsiri kama mtu yeyote angeyatafsiri.

"Anafungasha," alisema. "Pasi, dada yangu, anakukimbia. Hata yeye amechoka hapo. Jumamosi nakuja."

Nilimwona Pasi siku hiyo kwenye ngazi. Hakulia, hakulaani. Alikaa kwenye ngazi ya katikati, mfuko wa mkate mapajani, kama mtu aliyesahau kama alikuwa anapanda au anashuka. Umeshamwona mtu wa hivyo. Ulimpita kwa pembeni.

Kesho yake zamu yake ilikuwa ya mchana, kwa hiyo asubuhi alimshika mama mkono akashuka naye kwa kinyozi. Alimkalisha mama kwenye kiti cha wateja, kile cha kuzunguka, mama anakipenda. Akamvua kidude, akakitupa mezani kwa fundi katikati ya betri na bisibisi.

"Chukua dude lako."

"Limeharibika?"

"Limeniharibia."

Fundi hakubisha. Fundi akipewa kitu lazima akipime kwanza, hata ukimpa bakuli. Alikichomoa kile kispika, akachomeka waya wa spika kubwa ya dukani, ile wanayopigia muziki wa kuvutia wateja, akabonyeza.

Sauti ikajaa chumba kizima.

"Mama... ni mimi. Niko... kazini. Narudi jioni..."

Mteja aliyekuwa ananyolewa alifungua macho. Kinyozi alizima mashine. Sauti ilikuwa nzito, imekwaruzika kwa kupayuka juu ya mashine kutwa, na ilikuwa inashuka mwisho wa kila sentensi kama mtu anayeteremshwa kwenye shimo. Kati ya neno na neno kulikuwa na pumzi, na pumzi zenyewe ndefu kuliko maneno. Lile "kaa" la mwisho lilitoka kama la mgonjwa anayeomba asisogezwe kitandani.

"Dada," fundi akasema polepole, "hii ulirekodia wapi? Msibani?"

"Nyumbani."

"Kuna mtu alikuwa amekufa?"

"Hakuna. Nilikuwa nimetoka kazini. Ndivyo ninavyoongea." Akaitazama spika. "Ndivyo ninavyoongea?"

Nyuma yao kiti cha kuzunguka kikalia. Mama alikuwa ameshuka. Alikuwa amevuta taulo kubwa kutoka kwenye bega la mteja, bila kuomba, nywele zinadondoka, na alikuwa anaelekea mlangoni.

"Mama, na taulo la watu unaenda wapi?" kinyozi akamkinga.

"Kumfunika." Mama alimtazama kama anavyotazamwa mtu mpumbavu. "Hamsikii? Nyote mmekaa tu hapa. Mtoto anaumwa. Anasema nisiende kwa sababu hataki kunisumbua. Tangu mdogo ndivyo alivyo huyo."

Basi ndiyo hivyo. Blanketi, maji, dawa, mto. Hakuwa anamkimbia mtu. Alikuwa anampelekea mgonjwa wake vitu.

Pasi aliniambia baadaye kwamba mama yake alikuwa fundi cherehani, na cherehani ilikaa dirishani, ikiangalia nje, kwa ajili ya mwanga. Watoto walilelewa nyuma ya mgongo wake. Waliingia kutoka shule, wakasema "Mama, tumerudi," na mama bila kugeuka, mguu bado unakanyaga, anasema: wewe umepigwa, wewe umefeli, wewe una homa, nenda kalale. Maneno hakuwa na haja nayo hata wakati ule. Ugonjwa umemchukulia maneno karibu yote. Sikio hilo lingine, la kusikia hali ya mtu kwenye sauti yake, umeliacha lilivyo, na ndilo Pasi alilokuwa akililisha kila siku sauti ya mtu aliyechoka kufa, tena inayojirudia kila kitufe kinapobonyezwa.

"Haya," fundi akasema, akijaribu kuwa mchangamfu, "dawa yake ndogo. Tunarekodi upya. Sasa hivi. Dada, changamka."

Wakarekodi upya pale pale. Kinyozi akageuka mwalimu wa uigizaji, anapunga kitana hewani.

"Cheka kidogo. Siyo hivyo. Hivyo unatisha. Fikiria kitu kizuri."

"Kama kipi?"

"Mshahara."

"Umesema kizuri."

Mara ya kwanza alitoka kama mtangazaji wa sabuni. Ya pili kama mtu anayeshikiwa kisu. Ya tatu wote walisema ni nzuri, ingawa fundi alikuwa anatazama chini. "Mamaaa! Ni mimi! Niko kazini, niko salamaaa!" Wakamvisha mama. Pasi akaenda zamu.

Mama alibonyeza mchana. Akasikiliza mara mbili. Akamwambia dada wa jirani kuna mwanamke anataka kumuuzia kitu, na asifunguliwe mlango. Alipobonyeza tena jioni akakivua kidude shingoni, akakizika kwenye kopo la unga, akaweka kifuniko na juu yake akaweka tofali la kuzuilia mlango. Halafu akatoka kumtafuta mwanawe, mwanawe wa kweli. Kinyozi akamrudisha.

Zilibaki siku chache kabla ya Jumamosi. Sasa fikiri kidogo na wewe. Mtu anatakiwa arekodi sauti isiyochoka. Ataitoa wapi? Asubuhi anaamka amechoka, maana mama anaamka usiku mara kadhaa kuuliza mlango nani kafunga. Jioni ndiyo usiseme. Sauti ya mtu aliyepumzika hainunuliwi popote, na haiigizwi mbele ya mwanamke aliyekulea akiwa amekupa mgongo. Lazima ulale. Hakuna njia ya pembeni.

Pasi alienda kwa msimamizi wake akaomba siku moja.

"Unaumwa?" msimamizi akauliza.

"Siumwi. Nataka kulala."

Msimamizi akacheka, akadhani ni utani mzuri. Akawasimulia wengine wakati wa chakula. "Eti Pasi anataka kulala!" Na wao wakacheka, kila mmoja na macho mekundu. Mashuka ya hoteli hayana habari na usingizi wako. Watu wameyalalia, wewe yanyooshe.

Siku yake ya mapumziko kwa kawaida ndiyo siku ya kumwosha mama nywele, kliniki, maji, soko, na kufua. Haijawahi kuwa na mapumziko ndani yake, ni jina tu. Iliangukia siku ambayo kinyozi anafunga duka. Na kinyozi, mtu ambaye mdomo wake haufungi hata duka likifungwa, alipanda ngazi asubuhi na mapema, akagonga.

"Nenda ukalale," alisema.

"Una nini wewe?"

"Sina kitu. Mimi nakaa na mama. Wewe ingia chumba kile, funga mlango, lala."

"Hujui dawa zake. Hujui akitaka kwenda..."

"Dada wa jirani ataniambia. Nikishindwa nitamwita. Pasi, lala."

"Sijaoga. Vyombo..."

"Nitavitukana vyombo mpaka vijioshe. Ingia."

Aliingia. Anasema alikaa kitandani akiwa na hatia kama mwizi, anasikiliza ukutani. Alimsikia mama akiuliza, "Wewe ni nani?" na kinyozi akijibu, "Mimi ni kinyozi, mama," na mama, "Hakuna anayenyolewa hapa," na kinyozi, "Basi nipe kazi nyingine." Akasikia boksi la nyuzi likifunguliwa. Mama alimpa sindano azitunge uzi, kinyozi akizimaliza, mama anachomoa nyuzi zote, anampa tena. Alimsikia kinyozi akilalamika kwamba macho yanamtoka, mama akimwambia vijana wa siku hizi hawana uvumilivu. Hapo katikati ya hayo malumbano usingizi ukamchukua kama mtu aliyeanguka kutoka juu.

Alipoamka mwanga ulikuwa umehamia ukuta mwingine. Mdomo mkavu, alama za shuka shavuni, hajui ni leo au kesho. Kidude kilikuwa kwenye mto, bado na unga kwenye tundu. Fundi alikuwa amemsisitizia: ukiamka tu rekodi, kabla hujanawa uso, kabla hujaanza kufikiri. Akashika kitufe.

"Mama," akasema. Akapiga mwayo. Akacheka mwenyewe kwa mwayo ule. "Mama, nimelala mpaka nimesahau jina langu. Niko kazini eh? Narudi. Nisubiri."

Hakupanga maneno. Hata chakula hakukitaja.

Akatoka sebuleni, akampa mama. Mama akabonyeza, akainamisha kichwa. Mwayo ulipofika naye akapiga mwayo. Akatikisa kichwa.

"Ahaa," akasema. "Huyu amelala." Akarudi kwenye sindano zake.

Kaka mtu alikuja Jumamosi kama alivyosema. Alikuja na begi tupu kubwa la nguo za mama, akaliweka nyuma ya mlango akidhani halionekani. Pasi alikuwa zamu. Nilikuwepo, kwa kuwa nilipita kumsalimu mama, na kaka aliniomba nikae, nadhani aliogopa kubaki peke yake na mama yake. Tukakaa. Mama akamwita kaka "mzee," akamuuliza amemwacha nani na watoto. Mara akasimama. Akaenda mlangoni. Kaka akasimama naye, mkono umeshanyooka. Mama akaweka mkono kwenye kitasa, mkono mwingine ukapanda shingoni, ukabonyeza.

Mwayo. Kicheko. Nisubiri.

Mama akaachia kitasa. "Yuko mzima," alituambia, kama sisi ndio tuliokuwa na wasiwasi. Akarudi, akakaa. Akafanya hivyo tena na tena mpaka jua likaanza kushuka, na mara zote alirudi kukaa.  Mara ya mwisho kaka mtu alikuwa amegeukia dirishani, bega linatikisika. Alipoondoka alichukua begi lake vile vile, tupu.

"Abaki," alimwambia Pasi kwenye ngazi. "Lakini nikisikia lori..."

"Utasikia mwayo," Pasi akamjibu. Alikuwa ametoka kazini. Hata utani aliutoa kwa shida.

Ningependa kuishia hapo, mkafurahi, mkanitumia mioyo. Sitaishia hapo.

Mama haendi tena barabarani, au karibu haendi. Kidude kinachajiwa kila siku pembeni ya kitanda. Lakini Pasi bado anaingia zamu, bado analisha lile roli mashuka, bado anarudi jioni na sauti ile ile iliyojaa dukani siku ile. Na mama anamsikia. Juzi nilikuwa mlangoni nilipomsikia Pasi akisema, "Mama, nimerudi." Mama alimtazama kwa huruma, ile huruma unayompa mgeni aliyetoka mbali.

"Karibu, dada. Pole, umechoka sana wewe. Kaa. Binti yangu hayupo."

"Mama, mimi ndiye."

"Wewe siye." Mama akakishika kidude kwa viganja viwili, akabonyeza, akakielekeza kwake ili naye asikie. "Binti yangu ni huyu. Umemsikia? Huyu anacheka."

Pasi akavua viatu. Akamwekea mama chakula. Akakaa kwenye stuli, akamsikiliza yule mwanamke wa mle ndani, aliyelala siku moja tu, akisema anarudi.

Sasa nakuomba kitu, wewe unayesoma. Kwenye jengo lako, mtaa wako, ukoo wako, yuko mtu anayemlea mzee au mgonjwa, unamjua, usijifanye kutafuta. Usimpigie kumuuliza anahitaji nini, atakwambia hahitaji, maana hata kufikiri jibu ni kazi. Wiki hii hii, siku yako ya mapumziko, nenda kagonge mlango wake asubuhi. Mwambie akalale. Akikupa sababu, mwache azimalize zote, halafu mwambie tena akalale. Kisha kaa hapo, tunga sindano, itwa jina lisilo lako, mpaka aamke mwenyewe. Na wiki inayofuata, tafadhali, rudi.